Masharubu ya Muhsin

Mume wangu, Muhsin, ni mwigizaji wa filamu bubu. Msicheke, nimeshacheka mimi kwa niaba ya wote. Miaka thelathini alifanya kazi ya ofisi, akastaafu, na badala ya kupumzika akaokotwa na mama mmoja wa Stratford aitwaye Keren. Huyu Keren hutengeneza filamu mpya kwa mtindo wa kale: sauti hakuna, maneno yanaandikwa kwenye kadi, na ukumbini mtu anapiga piano. Alimwona Muhsin kituo cha basi akigombana na mwavuli wake, akampa kazi palepale.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ya Kilburn, huku ughaibuni, haina raha. Zamani alipenda mambo mawili tu: kutia achari ya ndimu na kupiga pasi leso zake za mfukoni. Siku hizi leso anazipiga pasi ili azililie. Anasimama mbele ya kioo cha bafuni anajiliza, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Mara ya kwanza nilivaa buibui kabisa, nikamuuliza nani amekufa.

Mimi masikio yamezima, yapata miaka kumi sasa. Nasoma midomo, na ya Kiswahili naisoma hata kutoka ng'ambo ya barabara. Muhsin analijua hilo, ndiyo maana alifuga masharubu. Aliyaanza mwaka juzi, siku niliposema turudi Unguja moja kwa moja, tukakae kwenye nyumba tuliyojenga. Yakakua mpaka yakafunika mdomo wote. Kila nikimuuliza, "Unataka au hutaki?" yanatikisika tu, naye anaitikia kwa kichwa. Barua ya kurudisha flati hii ya kupanga kwa mwenyewe ilikuwa mezani, na iliyokosekana ni saini yake tu. Nilitaka jibu la mdomoni, basi.

Keren ndiye aliyemnyoa. Filamu ilitaka baba asiye na masharubu, anayemuaga mwanawe stesheni. Muhsin akarudi nyumbani amejifunga skafu hadi puani, eti ana mafua. Mafua hayo yalidumu wiki sita, mpaka Jumamosi, siku mbili kabla ya mwisho wa ile barua, binti yetu Miska alipotupeleka Stratford kuitazama filamu.

Kwenye filamu, kamera ikamsogelea Muhsin. Uso wake ukajaa ukuta mzima. Kadi ikasema: "Nenda salama, mwanangu." Lakini midomo ya mume wangu ilikuwa na mambo mengine kabisa. Kumbe Keren alimwambia aseme chochote, mradi alie, naye akajua pale stesheni hakuna Mswahili hata mmoja. Mimi alinisahau.

"Zainab ataniua," midomo ilisema. Zainab ndiye mimi. "Sitaki kurudi. Nirudi nikafanye nini? Nikae barazani nihadithiwe presha ya jirani Abdulwakil? Miaka thelathini nimekaa ofisini, leo ndiyo kwanza nimepata kazi ninayoipenda!"

Ukumbi mzima ulikuwa unapangusa machozi. Mimi nikasimama.

"Muongo mkubwa we!"

Asiyesikia hajui sauti yake imefika wapi. Mpiga piano aliondoa mikono, watu wakageuka. "Mum, please!" alisema Miska, huku akinivuta buibui. Muhsin, pembeni yangu, alikuwa ameshajiziba mdomo kwa leso.

Lakini ukutani hakuwa na leso. "Na yeye nyumba ile ameisubiri miaka yote," aliendelea. "Akinisoma tu, atabaki kwa ajili yangu, na baridi ya hapa inamkohoza. Bora nifiche. Bora nitie saini nimpeleke." Kisha akalia macho yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo bafuni hajaliweza hata siku moja.

Nikakaa. Hasira nilikuwa nayo bado, lakini nilimwonea huruma, na nikajionea huruma na mimi: miaka miwili nagombana na nywele.

Taa zilipowashwa nilimtoa leso na skafu mdomoni.

"Barua hatutii saini," nikamwambia. "Nitakwenda mwenyewe, miezi ya baridi. We baki ulie."

Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na safari hii hapakuwa na kamera.

"Utarudi?"

Nikajifanya sikuona, ili aulize tena.