Njia ya Kwenda Kwa Mvua

Kwa Mihuri, Kwa Mananasi, Kwa Matope, Kwa Mvua. Ukizitafuta nchi hizo kwenye ramani ya shule utaambulia kuumwa shingo tu, kwa sababu hayo ni majina ya madereva wa malori. Kwa Mihuri ndiyo nchi jirani. Huko hata mfuko wa karanga hauvuki mpaka bila kugongwa muhuri. Ukitoka hapo unaingia Kwa Mananasi, kisha Kwa Matope, na hiyo sina haja ya kuieleza. Kule njia inakoishia ndiko Kwa Mvua. Baba anasema huko mvua inanyesha kila siku jioni, kwa adabu kabisa, na watu wanapeana miadi kwa mvua: "Tuonane ikikatika."

Baba aliendesha lori kwenye njia hiyo tangu kabla sijazaliwa mpaka macho yalipomgomea. Mtaa mzima unamwita Dereva, na mama pia anamwita hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayedai nauli yake.

Mimi baba nilimjua kwa honi. Lori lilikuwa likipita barabara kuu anapiga honi tatu, mama anaweka maji ya kuoga jikoni, mimi natimua mbio. Anakaa siku chache, anaondoka tena. Kuna mwaka shuleni walinichagua kuigiza mti. Wenzangu walikuwa wafalme na majemadari, mimi mti, tena wa nyuma. Baba aliahidi kuja kuniona. Lori likakwama Kwa Matope. Nilisimama na majani yangu kichwani, macho yangu mlangoni mwa ukumbi, mpaka mfalme akafa na watu wakaenda kwao. Mwalimu akanisifu: "Wewe ndiye mti pekee ambao haukutikisika."

Sasa baba yupo nyumbani kila siku, na hayupo. Anauliza choo kiko wapi ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Lakini muulize kona ya kabla ya daraja la Kwa Matope: atakuambia ushike gia ya pili, uache kuringa, na ukimwona mama muuza ndizi aliye kushoto umsalimie, ana mkosi ukimpita kimya. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa wake unakula ya jana kwanza, ya zamani unayabakiza mpaka mwisho.

Kwa maelezo hayo, mimi ni wa jana. Baba ananiita Spana.

Spana alikuwa utingo wake, yule msaidizi anayekaa kushoto kwa dereva, anabadilisha matairi, anapika na kulinda mzigo. Aliitwa Spana kwa sababu alilala na spana chini ya kichwa kama watu wengine wanavyolala na mto. Alishafariki, mimi nikiwa bado mtoto wa kufutwa kamasi. Sasa amefufuka, anakula kwetu, na amevaa shati langu.

"Spana, umekagua upepo wa matairi?"

"Nimekagua, bosi." Ningesema nini?

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kina upana wa kabati, nikitaka kugeuka natoka nje kwanza. Siku moja mteja aliniletea simu iliyokataa kuwaka, nikaijaribu kwa chaja yangu, kimya. Nikaijaribu kwa chaja nyingine, nyingine tena, mara ikawaka kwa chaja moja kuukuu iliyokuwa imetupwa chini ya meza. Nikabaki naitazama. Nikajiambia, huyu mzee chaja yake iko barabarani. Akili yake haijafa, imehama tu, na mtaa ilikohamia unajulikana. Nikimfuata huko, nikakaa naye kwenye benchi la kituo, Kwa Mananasi, labda atageuka aniangalie aseme, "Ee, kumbe ni wewe."

Nilitaka hilo tu. Maporomoko ya maji ya watalii na picha za kupachika mtandaoni sikuwa na shida nazo.

Dada yangu, muuza dawa katika mji mwingine, nilipomweleza kwenye simu alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Wewe umerukwa na akili. Nchi nne? Na mzee? Kwa hela gani?"

"Kwa hela ya kulala ndani ya basi na kujipikia. Watu wanazunguka dunia na begi mgongoni, dada. Wazungu wanafanya."

"Wazungu hawana baba anayesahau suruali."

"Wanao, wamewaacha nyumbani."

"Mdogo wangu, sikiliza. Hela nitaongezea. Lakini mpakani watamuuliza mzee, huyu uliyefuatana naye ni nani wako? Akisema ni Spana, na pasi yako haina Spana, watakulaza ndani kwa wizi wa mzee. Siku nikimsikia kwa masikio yangu anasema 'huyu ni mwanangu', nauli ya kurudi juu yangu."

Basi tukaanza kupanga.

Nikiri kwamba sijawahi kufurahi na baba kama siku zile. Mama ni fundi cherehani. Baba alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akachora njia nzima juu ya meza ya kukatia. Mito, mizani, vituo, miteremko. Kwenye kila mpaka aliweka kifungo cha shati. Mama akilalamika kwamba ana gauni la bibi harusi la kukata, baba anamwambia, "Bibi harusi apitie Kwa Mihuri, barabara hii imefungwa."

"Nyumba za wageni za karibu na stendi usiziangalie, Spana," alinifundisha. "Mlango una taa za rangi, kunguni wana vyeo. Nenda nyuma ya sheli, wanapolala madereva. Unalipia kitanda, hulipii chumba."

"Na chakula, bosi?"

"Jiko dogo, sufuria moja, chumvi kwenye kopo la dawa. Mchele nunua Kwa Mananasi. Kwa Mihuri usinunue kitu, utakula risiti. Na wale vijana wa mpakani wenye vikoba tumboni, hela usibadilishe kwao, wana vidole kama upepo. Subiri uingie ndani mjini."

"Begi je?"

"Libebe uzunguke nalo nyumba. Ukianza kutukana, punguza vitu."

Mama alilishona begi lenyewe kwa kipande cha turubai la lori la zamani, kilichokuwa kinafunika kuni. Sindano tatu zilivunjika. Nililibeba nikazunguka nyumba, nikatukana kwenye kona ya pili. Tukatoa jozi ya viatu na sufuria ya pili. Nikazunguka tena, nikatukana kidogo. "Hapo sawa," baba akasema, "hiyo ni tabia yako tu."

Kila jioni baada ya chakula tulifanya mazoezi ya mpaka. Mama alikuwa afisa. Alikaa nyuma ya cherehani, miwani puani, na kibonge cha uzi mkononi kuwa muhuri. Tulipanga foleni mlangoni, baba mbele, mimi nyuma na begi langu.

"Anayefuata! Jina?"

Baba anataja jina lake lote, mpaka la babu.

"Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

"Natoka nyumbani, nakwenda Kwa Mvua."

"Umebeba nini?"

"Njaa."

Mama alijitahidi asicheke, afisa hacheki. "Na huyu nyuma yako ni nani wako?"

"Huyu? Utingo wangu. Mvivu, lakini haibi."

Kibonge kinabaki hewani, hakigongi. Tunarudi nyumbani, yaani tunakwenda kukaa kwenye kochi.

Kuna siku baba alimwangalia afisa kwa muda, akaegemea cherehani. "Afisa, umependeza leo."

"Mimi nina mume," mama akasema.

"Yuko wapi?"

"Safarini."

"Mume gani huyo, anakwenda safari anaacha mtu kama wewe?"

Mama alivua miwani akaifuta, akairudisha, akaivua tena. "Ni dereva," akasema. "Anarudi. Huwa anarudi."

"Akirudi mwambie ana bahati."

Mama akamgongea muhuri kwenye kiganja cha mkono, bila kumuuliza lile swali la mwisho. Siku hiyo tulivuka bure. Nilitaka kumtania mama kwamba amekula rushwa, lakini nilimwona ameinamia gauni la watu, anashona mahali palipokwisha kushonwa.

Kisha mvua ikanyesha, huku kwetu, mchana wa kawaida tu. Nilirudi kutoka kibandani nimelowa chapachapa. Baba alikuwa anakunywa chai. Akainuka, akavuta taulo kwenye kamba, akaanza kunisugua kichwa kama anayeng'arisha kioo cha gari.

"Utaugua wewe. Kila siku nakwambia beba mwavuli. Mama yako atanilaumu mimi."

Sikutikisika. Mama akakimbilia simu, akampigia dada, akaiweka sauti kubwa, kisha akajirusha nyuma ya cherehani karibu aivunje. "Anayefuata! Mzee, huyu unayemkausha ni nani wako?"

Baba akashangaa swali la kijinga namna hiyo. "Afisa, huna macho? Huyu ni mwanangu."

Muhuri ukagonga meza mpaka vifungo vikaruka. Kwenye simu tulimsikia dada anavuta pumzi kwa pua. Baadaye akasema, "Haya. Nendeni. Mniletee nanasi."

Tikiti tulikata za basi la asubuhi la kwenda Kwa Mihuri, siti mbili, baba dirishani. Mama alimnyoa ndevu. Akamvalisha koti, akamwekea pasi mfuko wa ndani akaufunga kwa pini. Mimi nilivaa begi la turubai, jiko linanigonga mgongoni, chumvi ikicheza kwenye kopo. Nilikuwa nimenunua hata mwavuli, baba asipate la kusema.

"Baba, tuondoke. Basi halimngoji mtu."

Alikuwa ameketi kwenye kiti kinachoangalia mlango. Hakuinuka.

"Nenda peke yako leo, Spana."

Nikadhani anatania. Ukoo wetu wote ni watani, siwezi kulaumiwa. "Bosi, gari linaunguruma."

"Liungurume. Mwambie tajiri wa lori nimekataa mzigo." Akanivuta mkono nikainama, jiko likanipiga kisogoni. Akanong'ona, kwa sababu mambo ya nyumbani mtu hayapigii kelele. "Mwanangu leo wanaigiza shuleni. Nimemwahidi."

Mama aliyekuwa anafunga chapati kwenye gazeti akaacha.

"Wamempa mti," baba akasema. "Usicheke, Spana. Mti hausemi neno, lakini unajua kazi yake ilivyo ngumu? Wenzake wote wanahangaika, wanapigana, wanakufa. Yeye lazima asimame tu. Mwaka huu wote nimekuwa barabarani, kila mara nikirudi amerefuka, naona aibu hata kumuuliza yuko darasa la ngapi. Nikikosa na leo, nitamwangaliaje?"

Kwa miaka yote ile nilifikiri alikuwa amesahau kabla hata hajaanza kuugua.

"Lakini baba," nikasema, "mtoto mwenyewe..."

"Huyo mtoto ana macho ya mama yake. Akikutafuta, hachoki. Siendi popote."

Mama aliniangalia. Alisogea nyuma ya cherehani, akakaa, akavaa miwani. Nadhani alitaka kuuliza lile swali, kwa mara moja tu, pengine lingejibika. Akashika kibonge cha uzi, akakiweka chini.

Huko nje basi lilikuwa likijaa watu wengine. Nilivua begi, nikalilaza sakafuni, sufuria ikalia. Halafu, sijui niseme nini, nilikuwa sina chaja nyingine ya kujaribu. Nilisimama katikati ya chumba mbele yake, nikanyoosha mikono huku na huku, vidole nikavitawanya viwe majani. Nikasimama kama nilivyosimama siku ile, bila kutikisika. Ni mtu mzima mimi, nina ndevu. Nilimwangalia usoni, nikasubiri.

Baba aliniangalia. Aliangalia mikono yangu, mkono mmoja, kisha mwingine. Kwa sekunde chache kitu kilipita machoni pake, kama gari la mbali linalowasha taa kwenye kona.

Kisha akacheka kidogo, akanipungia nitoke.

"Spana, acha mchezo. Pisha hapo, unanizibia mlango. Atakuja, nitamwonaje?"

Nikashusha mikono. Nikapisha.