Kamba Iliyotoboa Bati

Jumatatu asubuhi Fundi Njia alikuwa anachemsha maziwa pale kamba ilipotoboa bati la jiko na kuteremka mpaka mezani. Ilikuwa kamba ya buluu, fundo limefungwa kwa mkono wa kushoto, kama mumewe alivyozoea. Mama mkwe aliivuta, akaona imekaza, akaanika taulo mbili. Mtaani hawakuwa wa kwanza. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa na kamba yake ya katani tangu mwezi uliopita, naye aliisifu kwa kukausha haraka.

Fundi Njia na mumewe walikuwa na kazi moja: kutafuta njia za kupandia vilele vidogo visivyojulikana, kisha kuwachorea wapandaji. Miezi minne nyuma mume alipanda kilele cha nyuma ya shamba la kampuni. Kabla hajashuka, kampuni ikauzungushia mlima uzio na kufunga geti. Waokoaji walifika, wakadaiwa kibali, wakageuza gari. Yakaishia hapo.

Saa nne kamili kamba ikavutwa mara tatu. Taulo zikaanguka.

"Mara tatu ndiyo nini?" aliuliza mama mkwe.

"Nishushe."

"Sasa unangoja upigiwe tarumbeta? Kamshushe mwanangu."

Kamba ilipita juu ya mapaa, ikaingia dirisha moja la ofisi ya ardhi na kutokea la pili. Fundi Njia alipofika kuomba kibali, karani alikuwa ameitundikia koti.

"Kilele hicho hakimo kwenye ramani, dada," alisema. "Siwezi kukupa kibali cha kupanda mahali ambapo hapapo."

"Na kamba hii inatoka wapi?"

"Kamba naiona. Mlima ndio siuoni."

Fundi Njia alirudi Jumanne, akarudi Jumatano, na kila siku saa nne koti la karani lilitikisika mara tatu. Alhamisi hakuomba kitu. Alilitoa koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani, akaifuata kamba.

Getini mlinzi alimwonyesha kufuli. Hakuwa mtu mbaya, na kufuli lilikuwa jipya. Kamba ilipita juu ya geti. Fundi Njia aliruka, akaidaka, akajifunga kiunoni, akavuta mara mbili, yaani nipandishe. Ikaanza kumpandisha.

"Usiliguse geti tu, shemeji," mlinzi alimwambia akiwa tayari hewani. "Mimi nimeajiriwa kulinda geti."

Juu alimkuta mumewe ameegemea jiwe, amekufa siku nyingi, mikono bado imeshika kamba. Fundi Njia alilia. Akamgombeza kwa kuondoka bila sweta, akalia tena mpaka akatosheka. Ndipo akawaona wengine. Walikuwa saba, nao wamekufa, kila mmoja na kamba yake, wote walikuwa mlimani siku geti lilipofungwa. Aliyekaa karibu zaidi alikuwa mrina asali wa mtaani kwao, ameshika kamba ya katani.

Alimfunga mumewe mgongoni, akashuka naye kwa ile kamba ya buluu, akapita tena juu ya kichwa cha mlinzi, aliyewapungia mkono. Walizika Ijumaa. Karani alijaza cheti, na penye mahali pa kifo akaandika: hapajulikani. Geti halikufunguliwa.

Jumamosi, matanga hayajaisha, Fundi Njia alitoka na viatu vyake vya mlimani akaenda nyumba ya tatu. Mke wa mrina asali alikuwa uani. Kwenye kamba alikuwa ameanika mashati matano ya mumewe, yamefuliwa, ili akirudi ayakute safi.

"Dada, kamba hii huwa inatikisika?"

"Kila siku, saa nne. Nguo zote chini! Nimeongeza vibanio, wapi. Upepo wa huku hauna adabu."

"Inatikisika mara ngapi?"

Jirani alifikiri, akahesabu kwa vidole. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji yenye maji. Fundi Njia alianza kubanua vibanio, shati moja baada ya jingine, akiyakunja. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.