Nyeupe Tano

Kila siku asubuhi, kabla hata sijavua shali, huwa nafungua friji ya maabara na kuziangalia sahani zangu. Sisemi nazo; ningesema nazo, Mahlet, mwenzangu wa maabara, angekuwa ameshanitangaza jengo zima. Nazitoa moja moja, nazipindua, nasoma jina langu na tarehe mgongoni, nafuta ukungu wa baridi kwa mkono wa koti. Kisha ndiyo nanawa, navaa glavu na kuanza kazi.

Jumatano hiyo nilifuta ukungu, nikapindua sahani, nikaipindua tena.

Koloni zangu tano zilikuwa zimechomwa kwa kijiti.

Koloni ya bakteria ni kitu kidogo, haizidi kichwa cha pini. Inakaa juu ya rojo kwenye sahani kama tone la maziwa lililoganda. Ukiigusa kwa kijiti cha meno, hata kwa mkono mwepesi namna gani, inabaki na kishimo katikati. Jana yake jioni nilizizungushia koloni tano nyeupe maduara ya wino mwekundu, nikaiweka sahani kwenye baridi ilale. Sasa kila duara lilikuwa na kishimo ndani yake, na mimi nilikuwa sijagusa hata moja.

Nilikuwa nimezingoja nyeupe hizo kwa miezi mitatu. Kazi yetu ilikuwa kupandikiza jeni ya pilipili hoho ndani ya plasmidi, yaani kile kiduara cha DNA ambacho bakteria hubeba na kunakili wenyewe. Kiduara kikipokea jeni, koloni huota nyeupe. Kikibaki kitupu, huota buluu. Miezi mitatu sahani zangu zilikuwa buluu tupu, kama uwanja wa shule uliojaa sare wakati wa mapumziko. Mahlet zake zilikuwa hivyo hivyo.

Tulikuwa wawili tu katika mradi ule, na mwezi huo Daktari Asrat, mkuu wetu, alituita ofisini akiwa hatutazami usoni. Mradi ungefungwa mwezi wa Sene, kama Juni hivi. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Atakayekuwa wa kwanza kupata plasmidi iliyosomwa DNA yake na kuthibitishwa ndiye angebaki.

"Mimi sina upendeleo," alisema. "Nyote ni wanangu."

Tulipotoka, Mahlet alinishika mkono. "Atakayebaki atamlisha mwenzake," akasema, tukacheka mpaka Mama Bezunesh, anayetupikia kahawa kwenye korido, akauliza nani ameolewa.

Nilitaka kubaki. Sijawahi kumwambia mtu kwa sauti jinsi nilivyotaka. Mama yangu yuko kijijini Gurage, kusini mwa Ethiopia, na nilipokuwa mwaka wa pili chuoni shamba lake lote la enseti lilinyauka. Enseti ina majani kama ya mgomba, ila kwetu hakuna anayengoja ndizi. Tunakula shina, na shina linataka miaka sita. Mama aliikata mwenyewe, akaichoma mwenyewe, kisha akanipigia simu. "Zinash," akaniuliza, "huko chuoni mnasoma nini hasa?" Maabara hii, na jeni hii inayoweza kuzuia mnyauko wa enseti, ndiyo ilikuwa jibu langu.

Ndiyo maana jana yake, nilipoziona zile nyeupe, nilizihesabu mara tatu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, tunavua makoti. Ningeweza kunyamaza. Lakini furaha ilinijaa kifuani, na mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

"Mahi," nikamnong'oneza, "nyeupe tano."

Alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaenda upande. "Nenda nyumbani ukalale kama malkia," akaniambia. "Mimi naosha mirija yangu kidogo, nakuja."

Asubuhi hiyo ya Jumatano niliirudisha sahani iliyochomwa kwenye friji kwa mikono miwili na kuelekea meza kuu. Hapo ndipo ilipokuwa sahani kubwa ya visima tisini na sita, ile inayosafirishwa ng'ambo kusomwa. Kila kisima kina rojo kidogo. Unachoma koloni yako humo, unaandika kwenye orodha, gari linakuja Jumatano saa nane kuchukua sanduku. Safu ya C ni ya Mahlet, D ni yangu. Kwenye safu ya C visima vitano vya kwanza vilikuwa vimechomwa. Kwenye orodha, kwa mwandiko wake wa kulala, alikuwa ameandika: Mahlet, nyeupe tano.

Alitumia maneno yangu yale yale. Hata hakuyabadilisha.

"Binti, mbona umesimama kama mtu aliyeibiwa?" Mama Bezunesh alikuwa mlangoni na sinia lake. "Njoo kwenye kahawa. Mwenzako jana kanichelewesha hapa mpaka giza. Namwambia Mahlet toka nifunge, yeye kainama mezani tu na vijiti vyake, eti dakika moja, eti dakika moja."

Mahlet alikuja nyuma yake, amevaa skafu ya njano niliyomnunulia siku yake ya kuzaliwa.

"Zini wangu! Leo umechelewa kwenye kahawa. Nilidhani umenenepa kwa furaha mlango ukakushinda."

Nilikuwa na maneno. Niliyaona kabisa, yamepangana. Yaliyotoka ni haya:

"Umeiona sahani yangu?"

"Ipi?"

"Ile ya... ya jana."

"Si iko kwenye friji? Nani aiguse?" Alinipa kikombe, akanitazama haraka, akahamisha macho kwenye sukari. "Vipi, umenikasirikia?"

"Hapana," nikasema.

Niko hivyo tangu utotoni. Mtu akinikanyaga mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Nilikunywa kahawa ile yote na sikusikia ladha yake.

Saa nne Daktari Asrat alipita akiangalia meza kuu. Alisimama kwenye orodha, nyusi zikapanda.

"Mahlet! Nyeupe tano?"

"Mungu ni mwema, daktari."

"Na wewe Zinash? Safu yako mbona tupu?"

"Sina... bado naangalia," nikasema.

"Maskini Zini," Mahlet akadakia akicheka. "Bakteria wake wana haya kama mwenyewe. Wanangoja waitwe."

Daktari naye akacheka, bila ubaya. Mimi pia nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilitabasamu.

Mchana tulikula pamoja kama kawaida, mimi na yeye, sinia moja. Ilikuwa siku ya mfungo, kwa hiyo injera, ule mkate wetu laini, na shiro ya unga wa dengu tu, na majani kidogo. Nilimega, nikachovya, nikashindwa kupeleka mdomoni. Mahlet akaona. Akakunja tonge kubwa, lile la upendo ambalo kwetu mtu humlisha mtu wake kwa mkono wake mwenyewe, akalileta mbele ya midomo yangu.

"Gursha yako. Fungua mdomo, bibi harusi."

Kukataa gursha ni kumwaibisha mtu mbele ya watu, na kantini ilikuwa imejaa. Nilifungua. Vidole vyake viligusa mdomo wangu. Vilikuwa vinanukia sabuni ya maabara, na kucha ya kidole gumba ilikuwa na wino mwekundu. Alikuwa ameshika mgongo wa sahani yangu kabla maduara yangu hayajakauka.

Tonge lilikaa mdomoni kama pamba.

"Sema kweli, Zini. Umenikasirikia?"

Nilitikisa kichwa. Nilitafuna polepole, nikameza, nikasema nimesahau kitu juu, nikaondoka.

Nilikwenda kuitupa ile sahani. Niliapa sitaki kuiona tena. Lakini mkono una mazoea yake: kabla ya kutupa, niliipeleka dirishani, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe, kama tulivyofundishwa. Daktari Asrat ana neno moja analolirudia mpaka wanafunzi wanamwigiza kwenye ngazi: msichukue kabla ya baridi. Koloni changa hudanganya. Jioni inaweza kuonekana nyeupe kabisa kwa sababu rangi haijaiva. Ukiilaza kwenye friji usiku mmoja, buluu inajitokeza. Ndiyo maana mimi huzungushia maduara jioni na kuchukua asubuhi. Mahlet anajua hivyo kama ninavyojua mimi. Ila Mahlet hajawahi kuweza kungoja kitu, na jana alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa mlango utafunguliwa.

Mwanga wa dirisha uliingia kwenye sahani. Asubuhi nilikuwa nimeona vishimo tu, sikuangalia rangi. Sasa niliiona. Ya kwanza ilikuwa buluu katikati, hafifu, kama mshipa chini ya ngozi. Ya pili pia. Ya tatu, ya nne, ya tano. Zote zilikuwa buluu.

Nyeupe zangu tano zilikuwa tupu. Mahlet alikuwa ameiba vitu vitupu.

Nilikaa kwenye kigoda. Kicheko kilinipanda kikakwama njiani. Kisha, pembeni kabisa ya sahani, karibu na ukingo, nikaona nyingine. Ilikuwa ndogo sana, jana sikuiona, na sikuwa nimeizungushia chochote. Nilisogeza karatasi huku na huku, nikaigeuzia kwenye jua, nikafumba jicho moja. Ilikuwa nyeupe. Baada ya usiku mzima wa baridi ilikuwa nyeupe kama chumvi.

Saa saba na nusu nilichukua kijiti kimoja kilichochemshwa. Niliigusa, nikapitisha ncha kwenye sahani mpya ili nibaki na nakala, kisha nikachoma kisima cha kwanza cha safu ya D. Niliandika kwenye orodha: Zinash, moja. Mwandiko ulitoka umenyooka, na hilo lilinitisha.

Kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshaona mambo yote yatakavyokwenda. Wiki mbili. Majibu yangerudi: safu ya C tupu, tano kwa tano, safu ya D ina jeni. Daktari angemwita Mahlet na kumuuliza ni mwanasayansi gani anayepeleka koloni za buluu ng'ambo. Asingeweza kujitetea bila kusema alizitoa wapi. Nami nisingekuwa nimefanya lolote. Ningekuwa nimenyamaza tu, kama siku zote, na watu wangesema yule Zinash ni mpole mno.

Saa nane kasoro dakika kumi Daktari Asrat aliingia na kalamu yake ya kusainia orodha. Mahlet alikuwa anabandika karatasi ya kufunika visima, anaisugua kwa ukingo wa rula ili isiache hewa.

"Zinash, moja tu?"

"Moja, daktari."

"Afadhali moja," Mahlet akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Si kitu, mpenzi. Nikibaki mimi, nitakutafutia kazi."

Daktari akasogeza kalamu kwenye safu ya C. "Hizi zilipita kwenye baridi?"

"Zilipita," Mahlet akasema. "Usiku kucha."

Kisha akanitazama. Si kwa vitisho. Kwa ile namna aliyonitazama miaka miwili kila nilipomwazima koti, au zamu, au jibu la swali. Alikuwa na uhakika na mimi. Kalamu ikagusa karatasi.

"Hazikupita," nikasema.

Sauti ilikuwa ndogo hata daktari akauliza, "Nini?"

"Hazikupita kwenye baridi. Zilichukuliwa jana jioni, kabla rangi haijaiva. Kwenye sahani yangu." Niliitoa mfukoni mwa koti nilimoificha, nikaiweka mezani juu ya orodha. "Zote tano zimegeuka buluu. Daktari aangalie mwenyewe."

Aliinama akaangalia. Aliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, vishimo, maduara, jina langu mgongoni. Akafunga kalamu yake. Nje dereva wa gari alipiga honi mara moja. Mama Bezunesh, aliyekuwa anakusanya vikombe, aliacha vikombe.

Mahlet hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa umejaa mshangao, kama vile mwizi ni mimi.

"Ulijua tangu saa ngapi?"

"Kwamba umechukua, tangu asubuhi. Kwamba ni buluu, tangu mchana."

"Na ukakaa kimya?" Rula ilikuwa bado mkononi mwake. "Nikakulisha kwa mkono wangu, ukala? Ukaniacha niandike, nibandike, nisimame hapa niseme uongo mbele ya daktari? Zini, nimekuuliza mara mbili. Mara mbili nimekuuliza kama umenikasirikia."

Miguu ilinitaka nitoke nje. Ningesema hapana mara ya tatu, na hapo hapo kila kitu kingerudi kama zamani, yeye na skafu yangu ya njano, mimi na tabasamu langu.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekukasirikia, Mahi. Nimekukasirikia mpaka nilitaka nikuache uzitume."