Huduma Niliyomzimia Ilpo

Mimi na Ilpo Räsänen tulianza kazi siku moja katika karakana ya malori hapa mjini Kuopio, yeye akichomelea, mimi nikipaka rangi. Kisha akapata ugonjwa wa neva unaokausha misuli, na baada ya miaka minne alibaki na macho tu. Chini ya skrini ya kompyuta yake palikuwa na kifaa chembamba kilichofuata macho hayo. Akitazama herufi, inaandikika. Akimaliza sentensi, kompyuta inaisoma kwa sauti. Kwa macho hayohayo tulicheza mbio za magari kila Jumapili, na mara nyingi alinishinda.

Jumapili moja ya Novemba gari lake likawa linaganda kila kona. Nikamwambia amezeeka.

"Macho yangu mazima," kompyuta ikasema kwa niaba yake. "Iliyozeeka ni hii. Itengeneze, mpaka rangi wewe."

Nikafungua orodha ya huduma, yaani programu ndogo zinazojiendesha chinichini zikila nguvu ya kompyuta. Nilimsomea moja moja. Ya kuchapisha, na printa hakuna. Ya faksi. Ya ramani. Kila mara akajibu, "Zima." Tukiwa katikati, mhudumu wake akaja kumpeleka chumbani kumbadilisha nguo. Nilibaki na huduma moja ambayo jina lake lilikuwa herufi na tarakimu tupu. Sikuijua. Ningeweza kumsubiri nimuulize. Nikaiweka isiwake tena kompyuta itakapowashwa upya.

Siku ile halikuonekana kosa lolote. Mchezo ulikwenda kama maji, Ilpo akanishinda mara tatu, nikarudi kwangu nimefurahi.

Jumatatu saa mbili asubuhi mkewe, Helka, alimweka mbele ya kompyuta, akaiwasha, akaenda kazini maktabani kama kawaida. Mhudumu alipaswa kufika saa nne, lakini barabara zilikuwa barafu tupu, akafika saa tano. Kompyuta ilikuwa imewaka bila kifaa cha macho, kwa kuwa ile huduma niliyoizima ndiyo iliyokiendesha. Nacho ndicho kilikuwa kengele yake ya kumwita Helka kwa simu. Mhudumu alimkuta Ilpo kichwa kimelala begani, mate yakimwendea njia ya hewa, uso umekuwa wa kijivu.

Mchana Helka alinipigia kutoka hospitali.

"Tero, jana uligusa nini?"

Nilimwambia. Akaniambia mapafu ya Ilpo yameingia maambukizi.

Ilinichukua dakika mbili kuirudisha ile huduma.

Ilpo alirudi nyumbani Desemba, amekonda zaidi. Madaktari walikuwa wameshamuuliza, tangu kabla ya tukio hilo, kama pumzi ikimwishia aunganishwe na mashine ya kupumulia. Alikuwa amekubali, ilimradi aweze kusema. Siku niliyokwenda kumwona aliandika polepole sana.

"Nimebadilisha jibu la mashine."

Nilimuuliza kama ni kwa sababu yangu.

"Usijipe ukubwa." Akapumzisha macho, akaendelea. "Masaa matatu nilikuwa ndani, mlango umefungwa. Nawaza, nasikia friji, basi. Sasa nakujua huko. Sitaki kukaa huko miaka."

Nikamwambia nimeshaitengeneza, haitatokea tena.

"Najua. Lakini siku moja macho nayo yatagoma, na hayo huwezi kuyatengeneza. Washa mchezo."

Nikauwasha. Sikumbuki nani alishinda.

Alifariki Februari, pumzi ikimpungua kidogokidogo kwa siku mbili, Helka akiwa amemshika mkono. Baada ya mazishi Helka aliniomba niiondoe kompyuta, kwa kuwa hakutaka kuiona sebuleni. Sasa tunakutana dukani mara mojamoja. Huniambia hanilaumu. Huniambia kila tunapokutana, kabla hata sijamaliza kumsalimia.