Milio Mitatu Mifupi

Filimbi ya Katibu ilining'inia kwenye msumari mmoja na mkasi wake, pembeni ya dirisha. Tangu Jumanne alikuwa akiuchukua mkasi kwa ncha za vidole, asiiguse filimbi. Mama yake aliliona hilo. Alikuwa amekaa kwenye kochi akikata nyuzi zilizobaki kwenye sare za shule, kazi aliyojipa mwenyewe tangu magoti yalipomkataza kupanda na kushuka ngazi.

“Hiyo filimbi imekuwa nyoka?”

“Naogopa isije ikadondoka, mama.”

“Haya.”

Mtaa mzima ulimwita Katibu, hata watoto, ingawa riziki yake ilikuwa cherehani. Alikuwa katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi tangu ilipoundwa, mwaka ule wizi ulipozidi mpaka watu wakawa wanaanua nguo zikiwa mbichi. Mpango wa filimbi ulikuwa wake. Kila nyumba ilipewa moja. Ukimwona mhalifu unapuliza mlio mrefu, na kila anayeusikia anajibu kwa mlio kama huo, kisha anatoka nje. Kufumba na kufumbua mtaa unalia pembe zote, na mwizi hajui akimbilie wapi wala nani aliyemwona kwanza. Hilo la mwisho ndilo Katibu alilolipigania mbele ya Afande, askari wa polisi jamii wa eneo lao. Watu wanaogopa visasi, alisema. Tukimficha anayetoa taarifa, taarifa zitakuja.

Afande alikubali, akaongeza lake. Kama aliyeanza amekosea, apulize milio mitatu mifupi: salama, rudini. Na hiyo isijibiwe na mtu mwingine yeyote, aipulize yeye aliyeanza peke yake, watu wasije wakachanganyikiwa.

Kwa hiyo mlio mrefu haukuwa na mwenyewe, ile mifupi ilikuwa naye. Siku ile waliinua mikono kupitisha, wakanywa soda, wakaenda zao.

Na mpango ulifanya kazi. Nguo zililala kambani hadi asubuhi. Mitaa ya jirani ilikuja kujifunza, Katibu akawa anasimama mbele yao na kuwaimbisha: “Angalia mara mbili, puliza mara moja.” Walicheka, wakakariri, wakaenda nayo.

Jumanne mchana alikuwa anakunja kola ya shati, akainua macho. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye dirisha la nyuma la nyumba ya nesi, palikuwa na miguu miwili ya mwanamume ikitoka nje, kiwiliwili kikiwa ndani. Mfuko ulikuwa chini ukutani. Nesi alikuwa ameondoka asubuhi na sare yake nyeupe, Katibu alimwona kwa macho yake. Akainyakua filimbi, akapuliza.

Mtaa ulijibu. Kona ikajibu, barabara ya juu ikajibu. Yule mtu akajivuta nyuma, akasimama chini, akageuka.

Alikuwa Fundi Kufuli.

Kofia yake alikuwa ameigeuza kisogoni kama siku zote. Ndiye aliyetia komeo la dirisha hilihili aliposimama Katibu. Bisibisi ilikuwa mkononi, na alikuwa akiangaza huku na huko akimtafuta mwizi. Kisha akaivuta filimbi yake shingoni, kwa sababu naye alikuwa mwenyeji wa mtaa na alijua wajibu wake, akajibu mlio mrefu.

Watu walipotokea kwenye uchochoro, wengi wao vijana wa barabara ya juu wasiomfahamu, walimkuta amesimama chini ya dirisha lililo wazi na mfuko wa vyuma miguuni.

“Ni mimi, Fundi Kufuli,” alisema. “Nesi karudi mapema, ufunguo ukamkatikia mlangoni. Mwenyewe kaenda dukani kununua kitasa.”

“Kila mwizi ni fundi kufuli,” mmoja akajibu, na wenzake wakacheka. Kicheko hicho ndicho Katibu alichoendelea kukisikia baadaye, kuliko hata kile kilichofuata.

Kule dirishani, filimbi ilikuwa bado mdomoni mwa Katibu. Alihitaji kupuliza mara tatu, kifupi kifupi. Aliwaza: wanamjua, kuna watakaomtambua. Aliwaza tena: nikipuliza, wote watatazama juu, na aliyewafundisha kuangalia mara mbili ni mimi. Katikati ya mawazo hayo mawili, ubao ulishuka. Alipoona mkono wa kulia wa Fundi unainuka kujikinga, alifumba macho.

Nesi aliingia uchochoroni na kitasa kipya kwenye karatasi, akapiga yowe moja tu: “Huyo ni fundi wangu.” Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akiwa na jambo alilolisahau nyumbani.

*

Kabla hata mkono wa Fundi haujatiwa plasta, mtaa ulikuwa umeshampata mkosaji. Mama Kengele wa nyumba ya kona. Bibi huyo aliwahi kumpulizia paka. Aliwahi kumpulizia mkwe wake mwenyewe aliyekuja kusalimia na sanduku. Nani mwingine? Mwenyekiti wa kamati aliitisha mkutano wa Jumamosi, ajenda ikiwa moja, kumnyang'anya filimbi.

Mama Kengele mwenyewe alipanda ngazi za Katibu siku ya Alhamisi, anahema, mkono kwenye ukuta.

“Mwanangu, wewe unajua mambo haya. Hivi ni mimi kweli?”

“Kwani wewe unakumbuka vipi, bibi?”

“Nilisikia nikapuliza. Au nilipuliza nikasikia. Kichwa changu siku hizi kama kapu lililotoboka.” Alikaa ukingoni mwa kochi. “Kama ni mimi, na waichukue tu. Lakini yule kijana alinitengenezea mlango bure. Nitamtazamaje?”

Katibu alisema atalishughulikia. Alimsindikiza hadi chini, akimshika kiwiko. Aliporudi, mama yake alikuwa ameweka mkasi mapajani.

“Mimi ni mgonjwa wa magoti,” mama alisema. “Masikio yangu mazima. Filimbi ya kwanza ililia humu ndani.”

Katibu alikaa kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, hakuzungusha gurudumu.

“Niliona miguu tu, mama. Yeyote angepuliza.”

“Kupuliza sikuulizi. Nakuuliza zile tatu zilikwenda wapi.”

“Zilinikwama.”

“Mm.” Mama alirudia nyuzi zake. “Ungekuwa nguo ningekufumua nikakushona upya. Lakini nilikuzaa. Nenda kwa mwenzio.”

*

Fundi Kufuli alikuwa kwenye banda lake, mkono wa kulia umefungwa plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Vidole vilivyochomoza vilikuwa vimevimba. Mkewe alikuwa amekaa karibu, anamfungulia boksi la skrubu. Ukutani funguo zilining'inia kwa safu, za shaba na za chuma.

“Karibu, Katibu. Leo nakupa mkono wa kushoto, usinihesabie adabu mbaya.”

Katibu alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Aliyasema akiwa amesimama. “Aliyepuliza kwanza ni mimi. Siyo yule bibi. Nilikuona miguu, nikadhani nyumba ya nesi inavunjwa.”

Mke wa Fundi aliacha skrubu. Fundi akacheka kwa pua.

“Kichwa ndani, miguu nje. Hata mimi ningejipulizia.”

“Nisamehe.”

“Kwa hilo? Hilo ni kazi uliyopewa.” Alimsogezea kigoda kwa mguu. “Kaa. Ila nikwambie kitu. Nilipokuwa chini pale, sikuwa nangoja nesi. Nilikuwa nangoja zile tatu. Nikajiambia, aliyepuliza yuko mahali ananiona, akiiona tu sura yangu atapuliza. Nikawa nageuza sura juu ili anione. Ndiyo maana huu mkono sikuuangalia.”

Katibu alitazama funguo.

“Wewe hukuiona sura yangu,” Fundi alisema. Ilikuwa kama swali, lakini aliisema kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango ili apite.

“Nilikuwa nimeshatoka dirishani,” Katibu alisema. “Nilikuwa kwenye ngazi, nakuja.”

“Si unaona?” Fundi alimgeukia mkewe. “Nilikwambia. Mtu wa mtaa huu hawezi kuniona akaniacha.”

Mkewe akaendelea kuchagua skrubu, fupi huku, ndefu kule.

“Kawaambie Jumamosi,” Fundi alisema. “Yule bibi aachwe na filimbi yake, hata paka nao wana haki ya kupulizwa.”

Katibu alirudi nyumbani kwa njia ya mzunguko. Alikuwa amekwenda kutua mzigo, na sasa aliubeba pamoja na mwingine.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Afande aliketi mbele karibu na Mwenyekiti, kofia yake mezani. Fundi na mkewe walikaa ukutani. Mama Kengele alikuwa ameshaivua filimbi shingoni na kuishika kiganjani, tayari kuikabidhi.

Mwenyekiti alipofungua kinywa, Katibu alisimama.

“Aliyepuliza kwanza ni mimi,” alisema. “Bibi alijibu tu, kama sisi sote. Niliona miguu dirishani, nikakosea.”

Minong'ono ilizuka, ikatulia. Mzee mmoja nyuma alisema, “Huo ndio uungwana,” na kofi moja likapigwa, kisha mengi. Afande aliinuka nusu kwenye kiti. “Ndugu zangu, mmeona. Kiongozi anakiri hadharani. Ulinzi shirikishi ndio huu, siyo ule wa mbao. Na walioshika mbao nawajua, tutaonana ofisini kwangu.” Mama Kengele alivuka madawati, akamshika Katibu mikono yote miwili. “Mungu akuzidishie, mwanangu. Umenirudishia usingizi.” Mikono yake ilikuwa mikavu na yenye joto.

Katibu aliketi. Alikuwa amemaliza. Makofi yaliendelea, na alipogeuka akamwona Fundi naye anapiga. Hakuwa na mkono wa kupigia, kwa hiyo alikuwa akipiga paja lake kwa kiganja cha kushoto, anatabasamu.

Katibu alisimama tena.

“Sijamaliza.”

“Yatosha, Katibu,” Mwenyekiti alisema. “Tumekuelewa.”

“Hamjanielewa.” Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi watu wanyamaze ili waisikie. “Fundi, juzi nilikudanganya. Sikuwa kwenye ngazi. Nilikuwa dirishani mpaka mwisho. Ulipogeuka nilikuona. Nilikujua kwa kofia, halafu nikakujua kwa sura. Filimbi ilikuwa mdomoni. Hakuna aliyekuwa amekugusa bado.”

Dawati lililia mahali fulani.

“Zile tatu ningezipuliza, mngejua ni mimi niliyekosea. Nikaona haya. Nikauacha mkono wako uvunjike ili nisione haya.”

Hakuna aliyepiga kofi. Mke wa Fundi alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumtazama mtu. Fundi alibaki. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya paja, na tabasamu lilikuwa limeondoka polepole, kama taa ya betri inayoisha.

“Ukatibu nauacha,” Katibu alisema. “Ila naomba jambo moja kabla hamjampa mwingine. Milio mitatu isiwe ya aliyeanza. Iwe ya yeyote anayejua. Siku ile kuna waliomtambua wakawa wanangoja mwenye mlio. Mwenye mlio ni mimi, na mnaona nilivyo.”

Afande alikuna kidevu. “Hiyo kanuni ya mwenyewe kupuliza niliileta mimi,” alisema baadaye, kwa sauti isiyo ya hotuba. Wakaipigia kura. Mikono iliinuka, wa Mama Kengele ukiwa na filimbi ndani yake. Mkono wa kushoto wa Fundi uliinuka wa mwisho.

Baada ya mkutano Katibu alimkuta Fundi nje, kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa, anajaribu kuigeuza kofia yake kwa mkono mmoja. Katibu alisimama mbali naye kidogo.

“Ungeniachia lile la ngazi,” Fundi alisema. “Nilikuwa nalitumia kulala.”

“Najua.”

“Sijakusamehe.”

“Najua.”

Alifaulu kuigeuza kofia. Ilikaa upande. “Mlango wa nesi bado umefungwa kwa kamba. Kitasa kipo, mkono ndio haupo. Wewe unajua kushika bisibisi?”

“Najua kushika mkasi.”

“Utajifunza. Kesho asubuhi, uje na mikono yote miwili.”

*

Kesho yake walipiga magoti mlangoni kwa nesi, Fundi akielekeza, Katibu akizungusha. Skrubu ya kwanza iliingia kombo, akaambiwa aitoe. Ya pili iliingia kombo vilevile. Mke wa Fundi alipita na ndoo ya maji, akasalimia nesi, akampa mumewe kikombe, akaenda zake. Juu ya uchochoro, mama yake Katibu alikuwa amejikokota mpaka dirishani, viwiko kwenye kizingiti, anatazama.

“Usikandamize,” Fundi alisema. “Unaogopa isije ikatoka, ndiyo maana unakandamiza. Toa, anza upya.”

Katibu akaitoa.