Karata za Bariere ya Mwezi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilikata karata tano. Sikuweza kukata zaidi, kwa sababu katoni za biskuti zinazotoka Kampala ni ngumu na nilikuwa na wembe mmoja tu. Nilipima kwa rula, nikakata, nikaviringisha pembe kwa kufuata mfuniko wa chupa ya dawa. Jumatano moja nilikuwa kwenye karata ya tatu Mama Katungu, jirani yetu wa Bulengera anayeuza maharagwe, alipoingia bila hodi.

"Mwalimu, wacha ile michezo yako kwanza. Unisomee hii. Niliikuta chini ya mulango."

Ilikuwa karatasi iliyopigwa ronéo, mashine ya kunakili kwa wino. Iliwaomba watu wa Butembo wasitoke kesho yake, wasifungue duka wala soko, ili wakubwa wa waasi walioshika mji wajue kwamba raia wamechoka. Nilisoma kwa sauti hadi neno BARABARA, nikanyamaza.

"Endelea basi. Macho imepotea?"

Kila R ilikuwa na mguu mfupi.

Mguu huo niliujua. Nilikuwa na normographe tangu chuoni, ile rula ya plastiki yenye matundu ya herufi, na siku moja mshumaa uliyeyusha nusu ya tundu la R. Sikuirekebisha. Karata zangu themanini na nne zilikuwa na R hiyo: BARIERE YA MWEZI, ROKETI YA CHUMVI, MKULIMA WA MARS. Na kwa wiki mbili normographe yangu ilikuwa Beni, kwa Phinées.

Phinées alikuwa mwalimu wa hesabu huko. Mimi nilichora, yeye alitunga sheria na namba. Mchezo wetu ulikuwa wa wafanyabiashara wanaopeleka chumvi kutoka sayari hadi sayari, na hakuna aliyepewa karata za kutosha kufika. Ilibidi kila mmoja abadilishane na wengine. Mwaka mzima tulibishana juu ya Bariere, karata ya kizuizi cha njiani. Aliyeishika alishinda kila mara. Phinées alisema bariere ndivyo zilivyo, mimi nikasema basi hakuna atakayecheza mara ya pili. Alikuwa ameazima normographe ili aandike stensili, karatasi za nta za kupigia, apige seti mia moja kwa ronéo ya parokia moja ya Beni, tuzisambaze shuleni.

Alhamisi mji ulifungwa kweli. Ijumaa askari wa waasi walikuja shuleni, wakabeba madaftari ya walimu wote kwenda kulinganisha maandishi. Préfet, mkuu wetu wa shule, alituambia, bila kumtazama mtu, kwamba Jumatatu watapita nyumba kwa nyumba.

Niliziweka karata ndani ya sufuria, nikazitoa. Niliziweka chini ya godoro, nikazitoa tena. Kuzichoma kulikuwa kuchoma mwaka mzima. Kuziacha kulikuwa kuwangoja askari nikiwa na ushahidi mkononi. Nilijiuliza vilevile mtu anayeandika maneno kama yale anatafuta nini katika rula ya mwenzake, kama si kumwachia mwenzake kosa.

Jumamosi Phinées alifika kwa lori kutoka Beni, kama kawaida. Wino ulikuwa chini ya kucha zake.

"Mademoiselle, mbona unaniangalia sawa mutu wa deni?"

"Ulisafiri muzuri?"

"Bariere tano. Ile ya mwisho walikula ndizi yangu." Alicheka peke yake, kisha akatazama kitanda. "Karata ziko wapi?"

"Ziko."

"Zote?"

"Zote juu ya nini?"

"Nizipeleke Beni. Kwa ronéo."

Ronéo haihitaji karata. Inahitaji stensili, na stensili alikuwa nazo. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

"Unataka kuzipeleka kwa nani, Phinées?"

"Kwa nani namna gani?"

"Askari banatafuta R yangu. Na weye unakuja kulomba karata zenye iko na R yangu."

Alikaa kwenye kiti cha mama yangu, kofia mkononi. Nje ya mlango maharagwe yalichemka kwenye brasero, jiko letu la makaa.

"Mie njo niliandika," akasema. "Batoto ya Beni na ya huku, kwenye nilifundisha mbele, banajua mwandiko wangu ku tableau ya darasa. Nilifikiri normographe haina mwandiko wa mutu. Ile R, sikuiona. Niliiona Alhamisi, wakati nilishika karata moja yako yenye ilibakia kwangu na ile papier ya mugomo pamoja."

"Na karata?"

"Nilitaka zikutwe kwangu. Kama wananishika ku bariere, wanasema ni mie peke yangu."

Nilimtazama ili nione kama anadanganya. Hakuwa hodari wa kudanganya. Hata katika mchezo, akishika Bariere, masikio yake yalitangulia kusema. Nikafungua mfuko wake, nikatoa normographe, nikaitumbukiza kwenye makaa. Moshi wake ulikuwa mweusi, na ulinuka hadi kwa Mama Katungu.

"Mwalimu, unapika nini leo?" akauliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Nachoma takataka, mama."

Kisha nikatandaza karata zote kitandani, nikampa Phinées kalamu moja nyeusi, nami nikachukua nyingine. Tulianza kuurefusha mguu wa kila R, mmoja mmoja, kwa mkono. Kazi yake ilikuwa mbaya. Roketi zangu za chumvi zilipata miguu kama ya panzi.

Tulifika kwenye karata ya ishirini. Alidhani nimekasirika kwa sababu ya hatari, akaanza kuniomba pardon, kwamba hakutaka kuniingiza.

"Hapana," nikamwambia. "Ulinifanya mutoto. Kama ulinilomba, ile papier ningeiandika mie mwenyewe."