Jogoo Aliyelala Chumbani Kwangu

Mimi si mtu wa kubembeleza. Waliponichagua kuwa mchanjaji wa kuku hapa Kinyangiri, niliwaambia palepale mkutanoni: tone moja jichoni, kuku wote, siku moja. Baada ya hapo, kwa siku kumi na nne, asiingie kijijini kuku mgeni, awe wa zawadi au wa kununua, kwa sababu chanjo inahitaji hizo siku ili ishike mwilini. Vijiji vya jirani mdondo ulikuwa umeshafika. Anayeujua mdondo haulizi maswali. Leo kuku wanapekua jalala, kesho wamepinda shingo, keshokutwa banda unalitumia kuanikia nguo.

Siku ya nne jirani yangu Obadia akaletewa tetea na dada yake anayekaa Utemini. Nilimsindikiza dada huyo hadi stendi, watu wakitazama, tetea akarudishwa na basi lilelile. Dada mtu alilia. Mimi nikajifunga kanga yangu vizuri, nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Siku ya tisa wakaja wakwe.

Binti yangu Eliana alikuwa akiposwa na Christopher wa Shelui, kijana ana kazi, ana adabu, shikamoo yake inatoka kabla hujageuka. Wazazi wake, Mzee Abraham na Mama Christopher, ndio walikuwa wanakuja kutimiza posa. Waliposhuka kwenye gari nikaona kitu kinatikisika ndani ya kanga ya Mama Christopher. Jogoo mwekundu, mkia umepinda vizuri, amenikazia jicho.

Nikimkataa jogoo wa posa, nimeikataa posa, na Eliana hatanisamehe. Nikimpokea akachanganyika na kuku wangu thelathini na mmoja, ambao ndio kitoweo chenyewe cha harusi, wanaweza kuisha wote, na kijiji kizima nyuma yao. Na Obadia alikuwa ameshaegemea uzio, kidevu juu ya mkono, hana haraka.

Nikampokea kwa mikono miwili. Kilichofuata sijui kilitoka wapi.

"Kwetu jogoo wa posa halali bandani," nikasema. "Analala chumbani kwa mama mwenye nyumba."

Mila hiyo haijawahi kuwepo tangu Wanyiramba wawepo. Obadia akakohoa sana. Lakini Mama Christopher aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema kumbe wamefika kwa watu. Nikamfunika jogoo kwa tenga pembeni ya kitanda changu, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, nikaacha kandambili za chumbani mlangoni na kuvaa za nje.

Nilidhani yameisha. Baada ya kula, Mama Christopher akaomba amuage jogoo wake. Ningemzuiaje? Nikamwambia mila inataka avue viatu, avae kandambili zile, na akitoka anawe kwa sabuni, viganja na migongo ya mikono. Akafanya taratibu, midomo ikichezacheza kama anasali. Mzee Abraham naye akavua viatu, akanawa. Kisha nani namwona kwenye foleni? Obadia. Kaingia, kakaa na jogoo muda mrefu, katoka, kanawa mikono polepole huku ananitazama usoni.

"Mila nzuri sana hii, Mama Eliana," akasema. "Dada yangu angeipenda."

Nilitamani ardhi ipasuke. Aibu niliyoisikia pale siwezi kuificha hata leo.

Wageni wakaondoka wakiwa wameridhika, tarehe ya harusi imepangwa. Siku ya kumi jogoo akaanza kusinzia. Siku ya kumi na moja kinyesi kikawa kijani. Siku ya kumi na mbili asubuhi shingo ilikuwa imejiviringa, amekufa. Nikamzika shimo refu, nikamwagia majivu, nikapiga deki chumba mara tatu, nikachoma tenga. Kuku wangu wote wazima. Na kila jioni Mama Christopher alikuwa anapiga simu kuuliza jogoo anaendeleaje. Jioni mbili nilimjibu kwamba jogoo anamsalimu. Jioni ya tatu nikachoka na uongo wangu mwenyewe.

"Mama Christopher, jogoo amekufa," nikasema. "Ni mdondo. Na ile mila niliitunga, nilikuwa nawakinga kuku wangu."

Nikajua harusi imekufa naye.

"Tulijua ni mdondo," akasema. "Wetu wote walikufa wiki ile. Alibaki yeye tu. Tukasikia wewe ni mtaalamu wa kuku, nikasema nimkimbizie kwako, huenda akapona. Ulipotoa kandambili nikashukuru Mungu, nilikuwa nasali usimpeleke bandani."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa posa itavunjika. Na wewe?"

"Hiyohiyo posa."

Alianza yeye kucheka, nikafuata mimi, tukacheka mpaka salio lake likaisha. Eliana alipompigia tena, Mama Christopher akaomba nifike Shelui, akianza ufugaji upya nimchanjie vifaranga.

Nilipogeuka, Obadia alikuwa kwenye uzio, amesikia yote. Akahesabu kwa vidole siku zilizobaki.

Siku ya kumi na tano nilikwenda mwenyewe stendi kumpokea dada yake, niliyemwita arudi na tetea. Tetea nikamtia tone jicho la kushoto mbele ya watu walewale waliomwona akirudishwa, kisha nikamwomba radhi dada, na nikamwomba radhi Obadia.

Obadia akatega sikio kwa mkono. Akasema basi lilikuwa linapiga honi, hajasikia vizuri.

Nikairudia, kwa sauti, na basi lilikuwa limeshaondoka.